Mpanda kumejaa magunia, Diamond aje aone!

Washkaji, mkisikia neno njaa mnaona nini? Mimi naona mtoto wa Ethiopia mbavu nje. Picha za namna hiyo ndizo zilizomfanya Bob Geldof awakusanye mastaa kwenye Live Aid, London na Philadelphia, Julai 13, 1985. Mapema mwaka huohuo Michael Jackson na Lionel Richie walishatunga wimbo wa USA for Africa. Mapesa yakachangwa, si utani.

Na picha hiyo kichwani nikapanda treni ya kutoka Tabora kwenda Mpanda. Reli inachepuka Kaliua, halafu ni pori kwa kwenda mbele. Behewani jamaa mmoja ana kispika, anapiga "Cocoa na Chocolate", kibao cha 2014 ambacho Diamond Platnumz aliimba na kina D'banj na Femi Kuti katika kampeni ya shirika la ONE. Ujumbe: vijana, kilimo kinalipa; serikali, mwageni fedha kwenye kilimo. Na Juni mwaka ule wakuu wa Afrika, wakiwa Malabo, waliahidi kukipa asilimia 10 ya bajeti na kumaliza njaa ifikapo 2025.

"Kinamlipa nani?" jamaa akanitupia swali. Kumbe analima mpunga Kakese. Akivuna tu anamuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa, maana deni la mbolea linamsubiri. Mwezi wa pili mkewe anapanga foleni dukani kununua mchele, na bei imesharuka.

Sasa mbona unaupiga huo wimbo?

"Midundo, kaka!"

Mpanda nilikuta magunia mpaka barazani. Ndiyo maana nilichanganyikiwa. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na hao Rukwa ni mabingwa wa mahindi. Lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati Tanzania nzima ni asilimia 30. Ghala limejaa, mtoto hakui! Ugali anashiba, ila maharage, yai na dagaa havifiki kwenye sahani yake, au vinafika kwa nadra.

Karibu na stesheni nilikula kwa mama ntilie. Katoto kake kalikuwa kanacheza na kifuniko cha sufuria, nikakatania: "Huyu miwili ameshatimiza?"

"Ana mitano, baba."

Wali ukanishinda. Huyo utampigia konsati gani? Mbavu hazionekani, mashavu yamejaa, anacheka. Hakuna mpiga picha atakayepanda ndege kumfuata.

Siku ya kurudi nilimkuta yule jamaa wa Kakese stesheni, anabeba magunia ya mtu mwingine. Akaniagiza: "Ukimwona Diamond huko Dar, mwambie treni ya huku ipo."

Nimeshasema.