Jina Lililodariziwa Kifuani

Ninaishi kwa kudarizi nembo. Wateja wangu ni shule, vyama vya akiba na mikopo, kampuni za ulinzi na kamati za harusi. Wananiletea fulana za kola, zile wauzaji wa Kariakoo wanaziita form six, nami naweka alama upande wa kushoto wa kifua. Mashine haichukui muda mrefu. Lakini fulana ikitoka pale si ile iliyoingia. Imepata mwenyewe, na atakayeivaa amebeba jina la watu. Mlinzi akisinzia lindoni, kampuni ndiyo itakayosemwa. Mwanafunzi akitukana kwenye daladala, shule ndiyo itakayotajwa.

Nadhani kazi hii ndiyo iliyonivuta nikaanza kufuatilia biashara ya nguo za gofu. Sichezi mchezo huo. Ila sijaona mahali pengine ambapo mtu mmoja na kipande cha kitambaa wanafungamana kiasi kile, wakapandishana na kuangushana mbele ya dunia nzima.

Mcheza kandanda huvishwa na klabu yake, na jina kubwa kifuani pake si lake. Mcheza gofu wa kulipwa hana klabu ya kumvisha. Anatembea uwanjani kwa saa nne au tano, siku nne mfululizo, kamera ikimwandama usoni na kifuani, na kila sehemu ya nguo yake inaweza kukodishwa: kofia kwa kampuni hii, kifua kwa ile, mkono wa fulana kwa nyingine. Halafu nguo yenyewe ni ya kawaida kabisa. Ukivaa jezi ofisini utaulizwa una nini leo. Fulana ya gofu inaingia ofisini Ijumaa, inaingia kwenye kikao cha wazazi shuleni, inaingia kanisani, na hakuna atakayegeuka kutazama. Wengi wanaoinunua hawajawahi kushika fimbo ya gofu. Wamemwona mtu Jumapili kwenye televisheni, ametulia pale ambapo wao wangetetemeka, na wanatamani kidogo cha utulivu ule kiwe chao Jumatatu asubuhi. Siwacheki hata kidogo. Mimi mwenyewe nimeshona nembo nyingi kwa ajili ya watu waliokuwa wakitafuta jambo hilohilo.

Agosti 1996, Tiger Woods, kijana wa miaka 20, aliacha gofu ya ridhaa na kuingia ya kulipwa. Nike, ambao wakati huo walijulikana kwa mbio na mpira wa kikapu huku biashara yao ya gofu ikiwa ndogo, walimpa mkataba wa miaka mitano ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 40. Miezi michache baadaye, Aprili 1997, alishinda Masters, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, pale Augusta kwa tofauti ya mikwaju 12, akiwa na sweta jekundu lenye alama ya Nike. Klabu ya Augusta ilikuwa imempokea mwanachama wake wa kwanza Mweusi mwaka 1990 tu. Kwa hiyo alichobeba yule kijana kifuani Jumapili ile kilikuwa kizito kuliko tangazo la nguo, na naamini wanunuzi waliliona hilo kabla ya wahasibu.

Jambo linalonigusa zaidi ni ile rangi. Nyekundu haikutoka katika chumba cha wabunifu wa Nike. Ilitoka kwa mama yake, Kultida, mzaliwa wa Thailand, aliyeamini kwamba nyekundu ndiyo rangi ya nguvu ya mwanawe na kumwambia aivae siku ya mwisho ya mashindano. Aliivaa akiwa bado wa ridhaa, kabla hajaona mkataba wowote. Kampuni ikaja, ikakuta kijana tayari ana neno la mama yake mwilini, ikaweka alama yake juu ya neno hilo, na ikauza. Nimelitafakari hili sana nikiwa mbele ya mashine. Kitu kilichokuja kuwa na thamani kubwa kuliko vyote kilitolewa bure nyumbani, na mzazi ambaye hakuwa akifikiria soko.

Aprili 2005, tena Augusta, katika shimo la 16, Woods aliupiga mpira kutoka ukingoni, ukapanda mwinuko, ukageuka, ukateremka polepole hadi kwenye mdomo wa shimo. Pale ukasimama. Kwa karibu sekunde mbili alama ya Nike ilionekana wazi mbele ya kamera, kisha mpira ukatumbukia. Hakuna kampuni inayoweza kuagiza tangazo la namna ile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipopiga hesabu baadaye, walikadiria kwamba mauzo ya mipira ya gofu pekee, ndani ya Marekani pekee, yalirudisha takriban asilimia 57 ya fedha ambazo Nike walimlipa Woods kwa muongo mzima. Hapo nguo na viatu havijahesabiwa.

Lakini tazama kilichofuata. Agosti 2016 Nike walitangaza kuacha kutengeneza fimbo, mipira na mifuko ya gofu. Nguo na viatu wakabaki navyo. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na nimegundua kwamba methali hii inashika kwenye fimbo kuliko inavyoshika kwenye fulana. Fimbo utaijaribu. Ukipiga mpira ukaenda vichakani, jina la Woods halitautoa huko. Mwisho wa yote utarudi kwa mtengenezaji ambaye fimbo yake mkono wako unaielewa. Fulana haina mtihani wa namna hiyo. Ikishakukaa vizuri na isipochuja rangi, kilichobaki ni jina la aliyeivaa kabla yako. Ndiyo maana katika nguo nyota ana nguvu kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana akianguka, hakuna ubora wa kujificha nyuma yake.

Woods alianguka mwishoni mwa Novemba 2009, habari za usaliti katika ndoa yake zilipotapakaa. Accenture walimwacha, AT&T wakamwacha, Gatorade nao baadaye. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikadiria kwamba wenye hisa wa kampuni zilizokuwa zikimtumia walipoteza kati ya dola bilioni 5 na bilioni 12 katika wiki chache zilizofuata. Nike walibaki. Zamani nilidhani ni suala la uaminifu, sasa nadhani ni suala la kile ambacho kila mmoja alikuwa amekinunua. Accenture ni kampuni ya ushauri. Ilikuwa imenunua busara yake na uamuzi wake, na hivyo ndivyo vilivyovunjika. Nike walikuwa wamenunua ushindi, na ushindi ungeweza kurudi. Ulirudi hata pale Masters, Aprili 2019, akiwa na miaka 43, akiwa amevaa nyekundu yao.

Hili si la wanamichezo tu. Kila mmoja wetu amependwa kwa sehemu fulani: huyu kwa fedha zake, yule kwa ucheshi, mwingine kwa sababu hajawahi kumwangusha mtu. Sehemu ile ikipasuka, waliokuja kwa ajili yake wataondoka, na hatuna haki ya kushangaa. Waliokuja kwa sehemu nyingine watabaki. Ni vizuri kujua mapema nani yuko kwetu kwa lipi, bila kinyongo.

Wakati mwingine haihitaji hata kashfa kubwa. Januari 2021, mcheza gofu Justin Thomas alikosa kutumbukiza mpira wa karibu huko Kapalua, Hawaii, akajitukana kwa neno la kuwadhalilisha mashoga, na kipaza sauti kikalinasa. Aliomba radhi siku ileile. Ndani ya wiki moja kampuni ya nguo ya Ralph Lauren ilisitisha udhamini wake. Miezi miwili baadaye akashinda The Players, moja ya mashindano yenye fedha nyingi kuliko yote katika gofu, na farasi wa Polo, nembo ya Ralph Lauren, hakuwa kifuani pake. Kampuni ilipoteza picha ile, naye alipoteza mkataba, kwa neno la sekunde moja.

Mtaani kwetu palikuwa na kijana, winga mwenye mbio, ambaye watoto walikuwa wakigombania kumbebea viatu. Mfanyabiashara mmoja wa nguo za michezo alimpa jozi ya viatu na fulana kadhaa, akampiga picha, akaitundika dukani na kuichapisha kwenye mifuko ya wateja. Kijana alifurahi na sisi tukafurahi naye. Kisha goti likamharibikia. Viatu vikaisha, fulana zikachakaa, picha ikabaki dukani. Alipokwenda kuomba msaada wa matibabu aliambiwa walishamalizana. Hakuna karatasi iliyoandikwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba siku ile alipopigwa picha, mwenye mali alikuwa yeye. Alidhani viatu ndiyo thamani na uso wake ni shukrani tu.

Kila nikimkumbuka namfikiria mcheza gofu Arnold Palmer. Alizaliwa karibu na Latrobe, Pennsylvania, mtoto wa mtunza nyasi wa klabu ya gofu. Mwaka 1960 hivi alipeana mkono na mwanasheria Mark McCormack, wakakubaliana kwamba McCormack atamshughulikia biashara zake, na Palmer akachagua alama yake mwenyewe: mwavuli wenye rangi nne, nyekundu, njano, nyeupe na kijani. Ushindi wake wa mwisho katika yale mashindano makubwa manne ya gofu ulikuwa wa mwaka 1964. Mwavuli haukusimama hapo. Uliendelea kuuzwa miongo kadhaa baadaye, hasa Japani na sehemu nyingine za Asia, kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Na klabu ile ambayo baba yake alikata nyasi zake, Palmer aliinunua mwaka 1971. Alipofariki Septemba 2016, akiwa na miaka 87, mwavuli ulikuwa bado dukani.

René Lacoste alitangulia hata hapo. Alikuwa bingwa wa tenisi wa Ufaransa aliyepachikwa jina la Mamba, na mamba huyo alidariziwa kwanza kwenye koti alilovaa akiingia uwanjani. Mwaka 1933, yeye na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufuma, walianzisha kampuni ya fulana zenye mamba kifuani. Nguo zile zikaingia kwenye gofu kwa njia ya asili kabisa, kwa sababu gofu ilikuwa nyumbani kwake: mkewe, Simone Thion de la Chaume, alikuwa bingwa, na binti yao Catherine alishinda US Women's Open mwaka 1967 akiwa mchezaji wa ridhaa, jambo ambalo hakuna mwingine wa ridhaa aliyelifanya. Mamba alikaa mikononi mwa familia hadi karibu miaka themanini baadaye.

Seve Ballesteros naye alielewa thamani ya kuwa na alama yako mwenyewe. Huyu mcheza gofu Mhispania alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka 1984 pale St Andrews alirusha ngumi hewani akiwa na sweta la bluu iliyoiva. Umbo la mwili wake katika dakika ile ya furaha akaligeuza kuwa nembo yake. Ningependa kuidarizi siku moja, kwa heshima tu.

Januari 2024 Woods na Nike waliachana baada ya miaka 27. Mwezi uliofuata, akishirikiana na TaylorMade, alitangaza chapa mpya ya nguo iitwayo Sun Day Red, yenye nembo ya chui milia mwenye milia 15, mmoja kwa kila shindano kubwa aliloshinda. Mama yake alifariki Februari 2025, akiwa amewahi kuona rangi aliyomchagulia mwanawe ikiwa jina la kampuni. Nimeitazama nembo ile kwa jicho la fundi: ni ngumu kuidarizi ndogo bila milia kuchanganyikana. Lakini ni yake kuliko alama yoyote aliyowahi kuvaa.

Basi ninyi wazazi, makocha, viongozi wa vyama vya michezo, nanyi vijana mnaobeba mifuko ya wachezaji kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo na Muthaiga huku mkijifunza kupiga mpira saa za jioni, nina ombi. Siku kijana atakapoletewa fulana na kalamu, msiangalie kiasi cha fedha kwanza. Ulizeni nani atamiliki jina lake, uso wake na alama yake. Ulizeni kwa muda gani. Ulizeni itakuwaje akiumia. Kitakachokubaliwa kiandikwe kwa lugha anayoielewa, na apewe siku za kukipeleka kwa mwanasheria. Na kama tayari ana jina au alama ambayo watu wanamtambua kwayo, aisajili kwa jina lake kabla mwingine hajamtangulia. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo hufanyika kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unaweza kuongezwa miaka 10 kila mara.