Kutoka sikio la fundi hadi kibandiko cha tangi

Miaka ya 1980, gari likiingia gereji ya ami yangu pale Majengo, Mombasa, kabla hajafungua boneti alimuuliza mwenyewe maswali mawili: umetia petroli gani, na umeitia wapi? Wakati huo vituo vingi vilikuwa na pampu mbili za petroli, regular na super. Regular ilikuwa na okteni ya chini na bei nafuu. Super ilikuwa ya 93. Wenye pikapu kuukuu na Land Rover za injini zisizobana sana walitia regular bila wasiwasi. Wenye Peugeot 504 walitakiwa watie super, ila mwezi ukifika ukingoni wengi waliteremka kwenye regular wakitumai injini haitajua.

Injini ilijua. Ami alikuwa akilichukua gari la namna hiyo hadi mlima wa Mazeras, mimi nimekaa kushoto kwake, akaliweka gia ya nne kwa mwendo mdogo, akashusha vioo, kisha akakanyaga mafuta hadi chini. Kukiwa na tatizo ulisikika mlio mwembamba wa chuma, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Ulikuja mzigo ulipozidi na kupotea mara alipoachia mguu. "Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Hapo hakuna nati iliyolegea. Hiyo ni petroli inajiwasha kabla ya wakati wake."

Kwa maneno hayo machache alikuwa amesema kila kitu. Ndani ya silinda, petroli na hewa hubanwa, plagi ikatoa cheche, na moto ukatakiwa usambae kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi ukutani. Ile sehemu ya mwisho ambayo moto bado haujaifikia huwa inazidi kubanwa na kupata joto. Petroli isiyovumilia hulipuka hapo hapo yenyewe, na pigo lake hutua juu ya pistoni. Namba ya okteni ni kipimo cha uvumilivu huo. Kipimo chenyewe kilianzishwa Marekani mwaka 1926 na mwanakemia Graham Edgar: iso-okteni ikapewa 100, hepteni ikapewa sifuri. Petroli ya 93 ni ile inayostahimili sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 93 za ile ya kwanza na 7 za ile ya pili. Hapo hamna habari ya nguvu wala usafi. Injini isiyobana sana haifaidiki na okteni ya juu hata kidogo, na nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo watu wanalolipia bure hadi leo.

Dawa ya ami ilikuwa kwenye distribyuta. Alilegeza boliti yake, akaizungusha upana wa ukucha kurudisha moto nyuma, yaani kuchelewesha cheche kidogo, akaikaza. Mlio ukaisha. Lakini hakuwaficha wateja bei ya dawa hiyo: gari sasa litapanda mlima kwa uvivu na litakula mafuta zaidi, na zile senti zilizookolewa kwenye regular zitaishia kwenye bomba la moshi.

Kila Desemba tulipata kazi ya aina yake. Familia zilishuka kutoka Nairobi kwa sikukuu, na magari yaliyokuwa yametulia huko yalianza kugonga kwa mlio ule ule mara tu yakifika Mombasa. Wenyewe walilaumu petroli ya pwani. Sababu ilikuwa hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, silinda haijai sana, kwa hiyo injini huridhika na okteni ndogo. Mafundi wa huko walikuwa wakisogeza moto mbele ili gari lipate wepesi. Likishuka pwani, hewa ni nzito na joto ni kali, na ule moto uliosogezwa unakuwa wa mapema mno. Ami aliurudisha nyuma, akamwambia mwenyewe akifika Nairobi amwone fundi wake tena. Sijui leo ni madereva wangapi wanaokumbuka kwamba gari moja, lenye tangi moja la petroli, lilihitaji kurekebishwa upya kwa sababu ya safari ya Mombasa.

Petroli ile ilikuwa na risasi. Kiungo chenyewe kiligunduliwa Desemba 1921 na Thomas Midgley katika maabara ya General Motors kule Dayton, Ohio, na kikaanza kuuzwa 1923. Matone machache yalitosha kupandisha okteni kwa bei ndogo, ndiyo maana dunia nzima iliking'ang'ania. Sisi gereji tuliiona risasi kwa macho. Bomba la moshi la gari zima lilikuwa na rangi ya kijivu chepesi kwa ndani, na plagi zilitoka na ukoko mweupe tuliougwarua kwa brashi ya waya, vumbi likitujia usoni. Vijana walivuta petroli kwa mpira kwa kutumia midomo. Hakuna aliyetuambia kwamba risasi huingia kwenye damu na kudhuru ubongo, hasa wa mtoto, na gereji zile zilijaa watoto wa mafundi. Hili bado linaniuma.

Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakakubaliana kuiondoa risasi kwenye petroli. Kazi kubwa ya kusukuma jambo hilo ilifanywa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake ni Gigiri, Nairobi. Mwisho wa 2005 Kenya na jirani zake walikuwa wameachana nayo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Ndege ndogo za pistoni ndizo zilizobaki na petroli yake yenye risasi.

Miezi ya mwanzo bila risasi gereji ilijaa hofu. Risasi ilikuwa pia inalinda siti za valvu katika injini za zamani zenye hedi ya chuma laini, na watu walisikia kwamba bila hiyo valvu zitazama. Maneno hayo yalikuwa na ukweli kwa magari machache, yale yanayobeba mzigo mzito kwa mwendo mkubwa siku nzima. Ami aliwaita wenye magari hayo kila baada ya muda apime nafasi ya valvu. Ikipungua haraka, alijua siti inaliwa, akaweka nyingine ngumu. Wengine wote waliendelea na safari zao. Mabomba ya moshi yakawa meusi, plagi zikadumu, na chupa za dawa za kuchanganya zilizouzwa kwa bei kubwa zikakosa wanunuzi.

Kwenye boti, habari ilikuwa tofauti. Mjomba wangu alikuwa nahodha Shimoni, akivua mkondo wa Pemba kwa boti ya faiba na mashine ya Yamaha ya arobaini, stroki mbili, ile inayochanganyiwa oili kwenye tangi, kwa kawaida lita moja kwa hamsini. Mashine ya stroki mbili haina valvu za aina ya gari, kwa hiyo kuondoka kwa risasi hakukuisumbua. Kilichoiua ni mafuta ya taa.

Bei ndiyo iliyowafikisha watu hapo. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ni ya mpishi maskini, na pengo kati yake na petroli lilikuwa kubwa. Wavuvi walichanganya wenyewe ili safari ya samaki wachache isile mtaji, na wachuuzi wa madumu walichanganya bila kumwambia mtu. Okteni ya mafuta ya taa ni ya chini mno. Kiasi kidogo tu kinaishusha petroli ya 93 mahali ambapo injini ya kubana haiwezi kuishi. Zipo mashine za boti zilizoundwa kwa mafuta ya taa, zenye mbano mdogo, huwashwa kwa petroli kisha zikahamishiwa mafuta ya taa, na wavuvi wa Kerala, India, wamezitumia sana. Ya mjomba haikuwa hiyo.

Ninaikumbuka pistoni iliyotolewa kwenye mashine ya jirani yake. Juu, upande wa tundu la moshi, aluminiamu ilikuwa imeliwa kwa vishimo vidogo vidogo, kisha ukingo ukameguka hadi ringi ikaonekana. Mwenye mashine aliapa hakusikia chochote, na nilimwamini. Gari hugonga mlimani, dereva akaachia mguu, na injini ikapumzika kwenye mteremko. Boti haina mteremko. Mashine inasukuma maji kwa nguvu zote saa nzima na zaidi, na kelele zake zinameza mlio wote ambao ami alikuwa akiusikiliza Mazeras. Kwa nahodha, dalili ya kwanza ni mashine kuzima, na pwani iko mbali. Ndiyo sababu nashikilia kwamba petroli ya boti ichaguliwe kwa uangalifu kuliko ya gari, ingawa watu hufanya kinyume.

Mjomba alikuwa na kanuni zake. Alinunua kwenye pampu, siyo kwa mchuuzi. Dumu lilikaa kivulini. Petroli iliyobaki tangu kusi ianze hakuipandisha botini msimu ulipofunguka. Dumu linalokaa juani linapoteza sehemu nyepesi za petroli, linaacha gundi kwenye kabureta, na mashine inagoma kuwaka hata kama namba ya okteni ilikuwa nzuri siku ya kununua. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara ya kuchanganya. Ilimwumiza mama anayepikia jiko la mafuta, hilo lisifichwe, lakini faida ya mchanganyaji ilipungua sana.

Siku hizi regular haipo tena pampuni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na petroli yote huja imeshasafishwa. Gereji ni ya binamu yangu, na kazi ya kusikiliza inafanywa na kihisi kilichofungwa kwenye bloku: kikihisi injini inagonga, kompyuta inarudisha moto nyuma yenyewe. Maarifa ya sikio yamehamia kwenye waya, na sehemu iliyobakia mikononi mwa mwenye gari ni kusoma.

Hapo ndipo naona watu wanapotea. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna anayekitazama. Japani ina petroli mbili: ya kawaida, isiyopungua 89, na ya juu, isiyopungua 96. Vitz na Probox zimeundwa kwa ile ya kawaida. 93 yetu inazizidia, na kuzitia petroli ghali zaidi ya hiyo ni kutupa pesa. Subaru ya turbo na Volkswagen za TSI zimeundwa kwa ile ya juu. 93 yetu haizifikii. Kihisi kitaziokoa kwa muda kwa kuzipunguzia nguvu na kuongeza ulaji, lakini ukipanda Mazeras mchana umejaza abiria, kihisi nacho kina mwisho wake. Nimewaona wenye Vitz wakijaza petroli ya bei ya juu kwa fahari, na wenye Subaru wakijaza ya kawaida, kwenye kituo kimoja.

Mashine mpya za boti za stroki nne zina mtego mwingine. Vitabu vyake vingi vimeandikwa kwa soko la Marekani, na namba ya huko ni wastani wa vipimo viwili, wakati yetu ni kimoja tu, RON. Kitabu kikisema 87, hiyo ni kama 91 kwa hesabu yetu, kwa hiyo 93 inatosha. Kikisema 91, ni kama 95 au 96, na super ya kawaida haitoshi. Mtu akisoma 91 akaona pampu imeandikwa 93, anaondoka ameridhika na mashine ya mamilioni iko hatarini.

Kwa hiyo ukinunua gari, fungua kifuniko cha tangi, kipige picha kibandiko, umwombe anayejua Kijapani akusomee kabla hujajaza mara ya kwanza. Ukinunua mashine ya boti, uliza namba ya kitabuni ni ya RON au ya Marekani, uiandike kwa rangi juu ya tangi ili kijana anayetumwa petroli aione. Na dumu la mafuta ya taa lisipande botini kabisa.