Nambari Haijui Mguu Wako: Twende Kariokor Tukapimwe

Kila Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, si ajabu kumkuta mzazi katika maduka ya viatu jijini Nairobi akiwa na njiti ya ufagio mkobani. Njiti hiyo imekatwa kulingana na urefu wa wayo wa mtoto aliyeachwa nyumbani. Mzazi huitia ndani ya kiatu, akaona imeingia na kubakisha nafasi kidogo, akalipa na kwenda zake. Juma la pili la muhula mtoto anachechemea. Njiti haikusema uongo. Ilijua urefu, na urefu tu. Lakini mguu, msomaji mpendwa, una upana na una kimo pia, na kiatu cha ngozi hakimsamehe mtu anayesahau hayo mawili.

Kwa sababu hiyo leo nakualika tuzuru mahali ambapo mguu bado hupimwa kabla ya kiatu kuuzwa: soko la Kariokor. Vaa soksi safi, kwa kuwa utavua viatu mbele za watu.

Mtaa wa wachukuzi

Ukitoka katikati ya jiji, fuata barabara ya Racecourse kwa miguu. Si safari ndefu, na ukiona magari yamekubana katika mzunguko wa Kariokor, ujue umefika. Kabla ya kuingia sokoni, hebu litafakari jina lenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakusanya Waafrika mamia ya maelfu wawabebee wanajeshi risasi na chakula katika mapigano dhidi ya Wajerumani huko Tanganyika. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, na kambi yake hapa Nairobi ilikuwa pande hizi. Ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariokor, kama vile wenzetu wa Dar es Salaam walivyopata Kariakoo yao.

Wachukuzi wale walitembea mamia ya maili, wengi wao miguu mitupu, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao, hasa kwa sababu ya maradhi. Mchukuzi mmoja yumo katika sanamu za watu watatu zilizosimama kando ya barabara ya Kenyatta. Ukipita hapo siku nyingine, mtazame. Jina la watu waliotembea bila viatu limebaki katika soko ambalo sasa wajukuu zao huja kushonewa viatu.

Ukishaingia

Kwanza utaisikia nyundo, kisha utainusa gundi na ngozi mbichi ya rafu. Kuna mikoba, mishipi, vyondo na shanga. Kuna akala zilizokatwa kutoka kwa matairi makuukuu, na ndara za ngozi zilizonakshiwa kwa shanga ambazo watalii huzipenda mno. Ukiwa mtu wa pwani utaona binamu za makubadhi ya kwenu. Pita hapo kwanza, uelekee kwa mafundi wanaoshona viatu kamili vya ngozi: vya ofisini, vya shule na buti.

Fundi atakukaribisha kwa heshima. "Karibu mama," au "Karibu mzee, keti hapa." Wengi watakuonyesha viatu vilivyokwisha kutengenezwa, ambavyo ni rahisi kuviuza. Vitazame, lakini usivikimbilie. Mwambie fundi unataka kupimwa. Akikuuliza nambari yako na kuishia hapo, mshukuru na uende kwa jirani yake. Fundi anayejua kazi atachukua karatasi, kalamu na futikamba.

Vipimo vitatu

Utasimama juu ya karatasi, uzito wako wote ukiwa miguuni. Usikubali kupimwa ukiwa umeketi, kwa sababu mguu unaobeba mwili hutanuka na kurefuka. Fundi ataizungusha kalamu kando ya wayo akiishika wima, kwa kuwa kalamu iliyolala huingia chini ya mguu na kuupunguza. Kisha atapima mguu wa pili. Watu wachache sana wana miguu iliyo sawasawa, na kiatu hufuata ule ulio mkubwa. Kiatu kilicho kikubwa kidogo waweza kukijaza kwa soli ya ndani. Kilicho kidogo hakina dawa.

Baada ya urefu huja futikamba. Itazungushwa pale palipo pana, kwenye shina la kidole gumba na la kidole cha mwisho. Itazungushwa tena juu zaidi, kwenye mgongo wa mguu ambapo kamba hufungwa. Iwapo unataka buti, itazungushwa pia kwenye kifundo, na kwenye shavu la mguu ikiwa buti ni ndefu. Watu wawili wanaovaa nambari moja waweza kutofautiana kabisa katika vipimo hivi. Mmoja ana mguu mwembamba wenye tao lililoinuka, mwingine ana wayo mpana uliolala chini. Ukiwapa kiatu kimoja, mmoja wao lazima ateseke.

Kisha fundi huchagua kalibu, yaani mguu wa mti au wa plastiki ambao kiatu hujengwa juu yake. Hiyo kalibu ndiyo siri ya kiatu. Ngozi hukatwa, ikashonwa kwa cherehani, ikavutwa kwa koleo juu ya kalibu hadi isiwe na kunyanzi, halafu ikabandikwa na kufungwa kwa soli. Kiatu hakiwezi kupata umbo jingine ila lile la kalibu. Ikiwa wewe una kifundo kilichotokeza kando ya kidole gumba, fundi hodari atabandika kipande cha ngozi mahali hapo juu ya kalibu, ili kiatu kizaliwe na nafasi yake. Muulize kama atafanya hivyo. Jibu lake litakuambia kama umefika kwa fundi au kwa mchuuzi.

Wala usidhani kwamba huu ni ushamba wa sokoni. Huko Syracuse, jimbo la New York, Charles Brannock alibuni katika miaka ya 1920 chombo cha chuma cha kupimia miguu madukani, na hadi leo kinatumika. Chombo hicho hupima urefu wa mguu, upana wake, na umbali kutoka kisiginoni hadi pale kidole gumba kinapojikunja. Naye alikuwa ametambua kwamba urefu peke yake hautoshi.

Nambari za nchi mbalimbali

Huenda utajiuliza, je, nambari ina kazi gani? Inayo, lakini yafaa ujue ni ya nani. Nambari za Kiingereza, kama 6, 7 na 8, huongezeka kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8 na nusu. Kipimo hicho kilitokana na punje ya shayiri, ambapo punje tatu zilihesabiwa kuwa inchi moja. Nambari za Ulaya bara, kama 40, 41 na 42, huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 7. Kwa hiyo 8 ya Uingereza hukaribia 42 ya Ulaya, lakini haziendi pamoja hatua kwa hatua. Wamarekani nao wana zao. Mwanamume anayevaa 8 Uingereza huvaa 9 hivi huko Marekani.

Isitoshe, kila kiwanda kina kalibu zake. Usishangae kuona wewe ni 41 katika kiatu kimoja na 42 katika kingine. Hata viatu vya Bata, ambavyo Wakenya wengi wamevivaa shuleni kutoka kiwanda cha Limuru, vilianza katika mji wa Zlín huko Ucheki mwaka wa 1894. Jina hilo ni la ukoo wa huko, wala halihusiani na ndege wetu anayeogelea!

Hadi Gikomba

Kutoka Kariokor, mwendo mfupi kwa miguu utakufikisha Gikomba, kwenye mitumba. Humo mna viatu vya ngozi bora kutoka Ulaya kwa bei ambayo dukani hutaisikia. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta viatu vya kwenda kuhojiwa kazi aweza kubahatika. Waweza hata kuokota kilichopigwa chapa ya Northampton, mji wa Uingereza ulioishi kwa ushonaji viatu karne nyingi, hata timu yao ya kandanda hupewa jina la utani la washona viatu. Viatu vya Kiingereza mara nyingine huwa na herufi kando ya nambari, kama E, F au G. Hiyo ni alama ya upana: kadiri herufi inavyosonga mbele, ndivyo kiatu kinavyokuwa kipana.

Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kiatu cha ngozi kilichovaliwa kina kumbukumbu ya mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kimelalia upande? Pindua soli uone kisigino kimelika wapi. Tia mkono ndani uguse alama za vidole vya mwenyewe. Ikiwa vidole vyako haviangukii pale pale, kiatu hicho kitapigana nawe kila siku. Kung'arishwa kwa rangi hakuondoi umbo.

Jinsi ya kukijaribu

Iwe ni Kariokor, Gikomba au dukani, fuata utaratibu huu. Nenda alasiri au jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za mchana. Kiatu kinachokutosha asubuhi chaweza kukubana saa kumi. Vaa soksi utakazozitumia nacho. Vaa vyote viwili, ufunge kamba, kisha usimame.

Mbele ya kidole kirefu kabisa, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, pabaki nafasi ya karibu sentimita moja. Sehemu pana ya mguu iketi katika sehemu pana ya kiatu, na kiatu kijikunje pale mguu unapojikunja. Kisigino kikishikwe vizuri, ingawa kiatu kipya chaweza kukiachilia kidogo tu. Kamba zikishafungwa, pande mbili za ngozi zisigusane, kwa sababu ngozi italegea na utahitaji nafasi ya kukaza. Tembea juu ya sakafu ngumu, wala si juu ya gunia alilokutandikia muuzaji.

Hapo utasikia neno ambalo kila muuzaji analijua: "Vitapanuka." Ni kweli kwa nusu. Ngozi halisi hupanuka kwa upana na kuufuata mguu. Kwa urefu haipanuki. Ikiwa vidole vinagonga mbele leo, vitagonga hadi siku utakapovigawa viatu hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na miguu ni yako, si ya muuzaji.

Hakikisha pia kwamba ni ngozi. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi, ile ya bandia ina kitambaa kilichopakwa plastiki. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ngozi halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, halafu ikarudi. Ya bandia haipanuki wala haipumui, kwa hivyo mpe mguu nafasi kamili tangu siku ya kwanza.

Watoto na neno "atakua"

Kwa wazazi nina neno la ziada. Mifupa ya mguu wa mtoto bado ni laini na humaliza kukomaa akikaribia utu uzima. Mguu huo hukubali kusukumwa pasipo kelele, na mtoto mdogo aweza kuvaa kiatu kinachombana bila kulalamika. Usingoje aseme. Mpime kila baada ya miezi mitatu hivi, naye akiwa amesimama.

Upande mwingine kuna desturi yetu ya kununua nambari mbili zaidi kwa kuwa "atakua". Nia ni njema, na pesa za Januari ni chache. Lakini kiatu kikubwa mno huteleza kisiginoni, kikatoa malengelenge. Vidole hujikunja ili kukishikilia, na mtoto hujikwaa. Zaidi ya hayo, kiatu hujikunja mahali pasipofaa, kikapasuka kabla mguu haujakifikia. Ulichoweka akiba kimekwenda, na rahisi huvunja upishi. Nafasi ya upana wa kidole gumba chako yatosha kwa kukua.

Iwapo mtoto yuko shule ya bweni na huwezi kwenda naye, mwombe achorewe miguu yote miwili kwenye karatasi na azungushiwe uzi pale palipo pana, ukatwe hapo. Karatasi na uzi vitakuambia mara tatu ya yale ambayo njiti ingekuambia, na fundi wa Kariokor atavisoma kama barua.

Mwisho, usiende ukiwa na haraka. Patana bei kwa adabu, lipa sehemu, na urudi kukijaribu kiatu kabla ya kumaliza deni. Fundi mzuri hataudhika ukimwambia upande wa kushoto unabana. Atakirudisha kwenye kalibu, akipige nyundo kidogo, na akutazame unavyotembea.