Meli Iliyopita Garissa

Ndugu msomaji, ukitoka Nairobi kwa basi utaingia Garissa kwa daraja. Kabla hujafika ng'ambo, tupa macho chini uone Mto Tana, maji yake mekundu kama matofali, na migomba na miembe ukingoni. Utaamini nikikuambia kwamba meli ya moshi iliwahi kupita hapa?

Iliitwa Kenia, mali ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1891 Kamanda Dundas, ofisa wa jeshi la wanamaji, aliipandisha Tana kutoka pwani hadi sehemu za Hameye, mbali mbele ya ulipo mji wa Garissa leo. Nyuma ilisukumwa na gurudumu kubwa, na chini ilikuwa bapa ipate kupita juu ya mafungu ya mchanga. Kampuni ilitumaini Tana utakuwa njia ya biashara hadi karibu na Mlima Kenya. Lakini mto huu hupinda kama nyoka, hufurika na kupungua, na mchanga wake huhamahama. Tumaini hilo likafa.

Mwaka 1892 Kenia ilikuwa Mto Juba, nchi ambayo hadi 1925 ilikuwa chini ya Waingereza kabla ya kupewa Waitalia. Dundas akaifikisha Bardera, na huko juu akayaona mabaki ya Welf, meli ya Mjerumani von der Decken iliyovunjika mwaka 1865.

Agosti 1893 askari wa Kampuni waliasi huko Juba. Mkubwa wao, Hamilton, akauawa na Kenia ikatekwa. Luteni Lewes na mabaharia wapatao 40 wa manowari Blanche wakaikomboa, kisha wakapanda mto kushambulia vijiji. Hivyo chombo cha biashara kikawa chombo cha vita. Mabaharia wale walipewa nishani. Wanavijiji waliachiwa majivu.

Usidhani, msomaji, kwamba hayo ni ya kale tu. Aprili 2024 Tana ilifurika, barabara ya upande wa Madogo ikafunikwa, na watu wakalazimika kuvuka kwa mashua. Moja ikapinduka na roho zikapotea.

Basi ukivuka daraja lile salama, ushukuru. Maji usiyoyafika, wahenga walisema, hujui wingi wake.