Mbwa Wetu Tutaona

Juma hili zamu ya kuandika ni ya nyumba yetu, na tutaongea juu ya mbwa.

Watoto wetu walimkuta nyuma ya nyumba walimokaa wakimbizi wa upande wa Salamabila. Wenyewe walikwisha kurudi kwao. Yeye alibaki, mdogo sana, amelala ndani ya majivu ya jiko, mbavu zinahesabika. Watoto walimleta wamemfunga ndani ya kikwembe.

Kila aliyepita kwenye parsela aliuliza: "Huyu ni mbwa wa aina gani? Mama yake ni yupi?" Hatukuwa na jibu. Mzee mmoja mwindaji alimtazama vizuri. Masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, kama wale mbwa wa msituni wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue wako wapi. Wazungu waliwapeleka Uingereza miaka ya 1930, na huko wanaitwa Basenji, jina linalofanana na lile neno la dharau walilotupiwa babu zetu. Lakini huyu wetu alibweka usiku kucha! Mzee akacheka: "Nusu wa pori, nusu wa barabarani." Tulipomwuliza baba watoto kama atakaa, alijibu neno moja tu: "Tutaona." Watoto wakalifanya jina lake.

Jirani zetu Waislamu walituomba asiingie nyumbani mwao wala asilambe vyombo vyao. Tukakubali. Tulimpa sahani yake ya zamani, na kila jioni alipata bukari iliyobaki na mifupa ya samaki.

Siku moja mtoto wetu wa mwisho alimvuta mkia akiwa anakula. Tutaona akamwuma mkononi. Damu ilikuwa kidogo, lakini mioyo yetu ilianguka. Ndipo tulipofahamu kwamba swali la watu lilikuwa na maana nyingine: si aina yake iliyotuhusu, bali nani alimwuma yeye kabla hajafika kwetu. Kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikianza. Karibu kila anayefikia hapo anakufa.

Tulimwosha mtoto kidonda kwa maji na sabuni, muda wa dakika 15, huku analia. Halafu tukakimbia kwa muganga. Alisema tumefanya vizuri, na kwamba chanjo ingefaa ianze siku ile ile, ila pale haikuwapo. Walituma kuitafuta mbali. Wakati huo tumfunge mbwa, tusimuue, tumchunguze siku 10. Mbwa mwenye kichaa anayeweza kuambukiza hafiki siku hizo akiwa mzima.

Jirani wengine walikuja na fimbo. Tuliwakatalia. Mbwa akifa siku ile, tungejua namna gani?

Wamama, siku 10 ni ndefu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, tulikwenda kwanza kwenye kamba. Anakula? Anakunywa maji? Anatujua? Usiku tulimsikiliza mtoto akipumua. Siku ya kumi Tutaona alitikisa mkia, akaangusha sahani yake kwa njaa. Baba watoto aligeuka, akapangusa macho, akasema ni moshi wa jiko.

Miezi mitatu ya mbwa ilipotimia, fundi wa mifugo alipita kwa pikipiki na sanduku lake la barafu. Tulikopa faranga katika likelemba yetu, akamchanja. Mwaka kesho itarudiwa, kwa sababu chanjo moja haitoshi maisha yote.

Tunawaomba mambo matatu. Mtoto akiumwa, hata kidogo, oshea kidonda kwa sabuni dakika 15 na umpeleke kwa muganga siku ile ile. Usipake majani wala mafuta ya gari. Wafundisheni watoto wasimsumbue mbwa anayekula au anayelala. Na kila kikundi kiweke faranga kidogo pembeni, ili fundi akija mbwa wa mtaa mzima wachanjwe pamoja.

Mpaka leo hatujui baba yake Tutaona. Usiku huu amelala mlangoni, na mtoto aliyeumwa ndiye anayempelekea chakula.