Mizani ya Wahusika katika Mchezo wa Darasani

Miongoni mwa mbinu tunazowahimiza wanachuo wetu kuzitumia katika somo la Historia ni mchezo wa kuigiza. Twawaambia kwamba mtoto asiyeshika mwaka wala jina hushika jambo alilolitenda mwenyewe. Hayo ni kweli. Lakini katika miaka yetu ya ukufunzi hapa pwani ya Lindi tumejifunza, tena kwa aibu, kwamba mchezo uliopangwa vibaya humfundisha mtoto jambo ambalo mwalimu hakulikusudia. Makala haya yaeleza kosa letu na jinsi tulivyojaribu kulisahihisha.

Tulitunga mchezo juu ya Kilwa Kisiwani ya karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa mji huo. Tulikata karatasi za manila tukaandika wahusika 5 kwa kila meza: Sultani, mfanyabiashara, nahodha, fundi wa kujenga kwa mawe ya matumbawe, na mkulima wa mtama. Sultani alitoza ushuru na kutoa amri, mfanyabiashara alinunua na kuuza, nahodha alisafiri, fundi alijenga. Kwenye kadi ya mkulima tuliandika maneno mawili tu: “Hulisha mji.” Hatukuweka kanuni yoyote ya kuufanya mji uone njaa.

Vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, vikapita kwa kelele na vicheko. Kwenye meza moja mwanachuo aliyekuwa mkulima alikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa wenzake hawakuwa na haja naye. Kengele ilipolia aliiweka kadi yake kifudifudi mbele yetu, akasema, “Mkufunzi, nilikuwapo, lakini sikuwemo.”

Maneno hayo yalituchoma. Wengi wa wanachuo wetu ni watoto wa wakulima na wavuvi, nao watakwenda kuwafundisha watoto wa wakulima na wavuvi. Bila kukusudia tulikuwa tumewaonyesha kwamba Kilwa ilijengwa na watu wanne, na wa tano alikuwa mtazamaji.

Wiki iliyofuata tulifanya tiba ya haraka: kila mhusika tukampa uwezo ule ule, kwa kiasi kile kile. Mchezo ukafa. Kila mmoja akajilimia, akajisafiria na kujijengea. Hakuna aliyemwomba mwenziwe kitu, na pasipo kuombana hapakuwa na mazungumzo. Tuligundua kwamba usawa wa namna hiyo waondoa dhuluma, lakini waondoa na sababu ya kukaa pamoja.

Msaada tuliupata mahali tusipotarajia. Mwenzetu mmoja alituazima kanuni za mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani wakaigiza kundi la wasafiri wanaoingia mapangoni kutafuta hazina, na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Katika kanuni zile za kwanza wahusika walikuwa wa aina 3: mpiganaji, mwenye uganga, na kasisi. Mpiganaji alivaa deraya na kushika silaha yoyote. Mwenye uganga hakuruhusiwa deraya, silaha yake ilikuwa kisu tu, na mwanzoni aliweza kutumia uganga wake mara 1 tu kwa siku. Lakini aliyesalimika hadi akakomaa aliwapita wote. Hata kupanda daraja hakukuwa sawa: ili kufika daraja la pili kasisi alihitaji alama 1,500, mpiganaji 2,000, na mwenye uganga 2,500. Watunzi hawakuwasawazisha wahusika kwa nguvu, bali kwa kuhitajiana na kwa wakati.

Hapo tulipata mafunzo mawili. La kwanza tulilipokea: kila mhusika awe na jambo moja ambalo wenzake hawaliwezi wala hawawezi kuliepuka. Masimulizi ya kale ya Kilwa nayo yasema kwamba Ali ibn al-Hasan wa Shiraz alikipata kisiwa kwa kumpa mwenyeji wake nguo za kutosha kukizunguka. Mji wenyewe, kwa masimulizi hayo, ulianza kwa mapatano. Funzo la pili ilibidi tulibadili. Mwenye uganga huweza kungoja miezi mingi ya kucheza, ilhali mwanafunzi wetu ana dakika 80. Siku yake isipofika kabla ya kengele, haifiki kamwe.

Wakati wa kutufaa tuliukuta katika pepo za pwani yetu. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi iliwarudisha kwao, na ndiyo iliyopandisha vyombo kutoka Sofala. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ya msimu mmoja, na mgeni hakuwa na budi kusubiri upepo ugeuke. Akisubiri, hula. Basi tuliugawa mchezo katika mizunguko 4: kaskazi ya mfanyabiashara na Sultani, masika ya mkulima na fundi wa ghala, kusi ya nahodha, na demani ya kufanya hesabu. Katika kila mzunguko kila mchezaji hutoa kete 1 ya chakula, na asiyekuwa nayo hukosa zamu. Chakula hutoka kwa mkulima peke yake.

Kadi ya mkulima tulimpa yule yule aliyeirudisha. Masika ilipofika, Sultani alimwamuru alete mtama. Akajibu kwamba amri hailiwi. Meza nzima ikacheka; lakini akapandisha bei hata kusi ikawakuta watatu hawana zamu na mchezo umekwama. Ikatubidi kuongeza kanuni: mtama usiouzwa huharibika baada ya mizunguko 2. “Mkufunzi, sasa mnaninyang’anya,” alilalamika. Tukamjibu kwamba anayemnyang’anya ni fukusi.

Mwanachuo mmoja wa kike alituuliza swali zito kuliko yote: je, huku si kuipamba historia? Sultani alikuwa na nguvu kweli, na wapo waliokuwa watumwa. Nao tuwawekee mizani? Tulichelewa kumjibu. Twaamini sasa kwamba mizani ya mchezo humpa kila mwanafunzi nafasi ya kutenda na kusema. Haisemi kwamba haki hiyo ilikuwapo. Kwa hiyo dakika 10 za mwisho kadi hulazwa chini, na kila mmoja huulizwa, “Katika Kilwa ya kweli, ungaliweza kukataa?” Mkulima wetu alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, “Pengine mara moja tu.”

Walimu wenzetu, kabla ya kuingia darasani na mchezo wa namna hii, shikeni kila kadi peke yake mkajiulize: mwenye kadi hii atafanya nini, nani atamhitaji, na saa ngapi? Kadi isiyo na jibu msimpe mtoto.