Suluhu Haina Mshindi

Neno suluhu, katika lugha yetu, lina nyumba mbili. Ya kwanza iko barazani, mbele ya wazee, pale waliokosana wanapokaa wapatanishwe. Ya pili iko uwanjani: timu mbili zikimaliza mchezo bila ya kufungana, mtangazaji husema zimetoka suluhu. Mshabiki hulipokea neno hilo kwa uchungu, kwani yeye alikwenda kutazama ushindi. Nikiwa mtu wa kufasiri, nimezoea kuyapima maneno kwa nyumba yanamokaa, na nimeona kuwa maana hizi mbili, kwa hakika, ni moja. Anayetaka suluhu hana budi kukubali kutoka uwanjani bila ya kombe.

Maana hiyo nimeikuta imetimia katika filamu moja ya hali halisi iitwayo The Imam and the Pastor, iliyoongozwa na Alan Channer na kutolewa mwaka 2006. Ni filamu fupi, ya dakika zipatazo 40, na watu wake si waigizaji. Ni Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye, wakaazi wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila mmoja wao aliongoza vijana wenye silaha dhidi ya jamaa wa mwenziwe. Katika mapigano ya mwaka 1992 Mchungaji alipoteza mkono wake wa kulia. Imamu naye aliuliwa mwalimu wake wa kiroho, mzee aliyempenda, pamoja na ndugu zake wawili. Mwaka 1995 wakakutanishwa, na baada ya safari ndefu ya mashaka wakaanzisha kituo cha upatanishi ambacho kimewafunza vijana wengi kuweka silaha chini.

Hadithi ya namna hii ni rahisi kuiharibu. Angekuja mtengenezaji mwengine, yumkini angetuonesha mikono miwili ikishikana, njiwa mweupe akiruka, na wimbo wa watoto nyuma yake. Kilichoipa filamu hii uzito ni kwamba chuki haikufichwa. Wahusika wanaitaja wenyewe, kwa vinywa vyao, mbele ya yule waliyemchukia. Imamu anaeleza jinsi alivyokaa miaka mitatu akipanga kulipiza kisasi, mpaka siku aliposikia khutuba juu ya Mtume na watu wa Taif, waliompiga mawe naye asiwalaani. Mchungaji, kwa upande wake, amewahi kusimulia kuwa hata baada ya kuanza kazi pamoja, walipolala chumba kimoja safarini, ilimjia fikira ya kumziba Imamu pumzi kwa mto. Mtu asemapo neno kama hilo huku mkono wake wa bandia ukionekana, hapana haja ya mhubiri kutufasiria msamaha ni nini.

Jambo la pili ni kwamba hakuna aliyeiacha dini yake. Imamu amebaki imamu, na Mchungaji amebaki mchungaji. Kila mmoja anaamini kuwa njia yake ndiyo ya haki, wala halifichi hilo. Wako wanaodhani kuwa maelewano ya dini ni kuzichanganya mpaka zisitambulikane, mithili ya mchuzi uliopikwa na wapishi wengi. La hasha. Mfasiri mwema haimezi lugha moja ndani ya nyengine; huziacha zote mbili zisimame, kisha akajenga daraja baina yao. Suluhu ya wale wawili ni ya aina hiyo.

Channer aliwafuata tena katika filamu ya mwaka 2010, An African Answer, safari hii hapa Afrika Mashariki. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Disemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Imamu na Mchungaji walikwenda Burnt Forest, katika Bonde la Ufa, kuwapatanisha Wakalenjin na Wakikuyu. Hapo ndipo penye funzo kwa wale wanaoamini kuwa ugomvi wetu wote chanzo chake ni dini. Siku ya mwaka mpya wa 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto na ndani yake mlikuwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mauti hayo hayakuletwa na tafauti ya sala. Ardhi na siasa ndizo zilizotafuta kuni, na aliye na hasira huokota kuni yoyote iliyo karibu. Pengine kabila, pengine msalaba, pengine kanzu.

Nasi visiwani tusijione tuko mbali. Mwaka 2012 makanisa yalitiwa moto Unguja. Novemba ya mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi. Mmoja sheikh, mmoja padri. Maumivu hayakuchagua mlango. Mara kwa mara tangu hapo nimesikia watu wakisema, “Sisi hatuna udini, hiki ni kisiwa cha amani.” Kauli hiyo ni nzuri, na kwa karne nyingi imekuwa na ukweli wake mwingi. Ila ikitumika kama kifuniko, aliyeumia hukosa pa kusemea.

Kwa hivyo, akitokea kijana wetu mwenye kamera akataka kutengeneza filamu ya amani, namuomba asianze na jahazi wakati wa machweo. Aanze na aliyeumia, na pia na yule aliyewahi kushangilia. Awaoneshe kwanza wao wenyewe alichokikata na alichokibakisha, kwani mwenye kamera hurudi kwake, nao hubaki mtaa mmoja, wakichota maji kisima kimoja. Na filamu ikishakamilika, isiishie kwenye kumbi za mikutano, mbele ya watu waliokwisha kupatana. Iende maskani, wanakokaa vijana wenye hasira, na baada ya taa kuwashwa aachwe kila mtu aseme lake.

Nami, kwa kuwa mkono wangu umezoea mizani kuliko kamera, nimeliweka langu katika ubeti huu:

Jeraha lililozikwa, usiku huuma ndani,
Na neno lililowekwa, hugeuka kuwa kani,
Adui akialikwa, mkaketi mkekani,
Ndipo amani hushikwa, si kwa nyimbo mitaani.